Karanga, karuho na usingizi wa mama

Ukisema hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, kwamba mtoto wako hawezi kula karanga, watu wanacheka kwanza. Kisha mmoja anakuuliza mnasalia kanisa gani yenye inakataza karanga, mwingine anasema hayo ni magonjwa ya wazungu, mnajipandisha tu, na yule mwenye roho nzuri kuliko wote anakushika mkono anakuambia mama, umpatie kidogo kidogo atazoea. Huyo wa mwisho njo ninamwogopa zaidi, juu anaweza kumpatia mwenyewe nikigeuka.

Kijana wangu tumwite Aksanti (siyo jina lake, siku moja atajua kusoma vizuri aje kunigombeza). Amefika miaka saba. Akiwa hajagusa karanga ni mzima kabisa, anapanda miti ya parachichi, anapigana na watoto wa avenu, anarudi bila kiatu kimoja. Kwa hiyo sitaki kuelezea sana ugonjwa wake. Nataka nielezee wangu mimi mama yake, wenye hauna fishi ku hospitali yoyote.

Kwa wasiojua kwetu: karanga haikai ku sahani ya karanga tu. Iko kwenye sombe (majani ya muhogo) ya siku kuu, iko kwenye lengalenga, kwenye mchuzi mzito wa samaki mkavu, na ata ku uji, mama anachukua unga wake wa masoso (mahindi, soya, sorgo) kisha anaongeza kiganja cha karanga zilizopondwa juu mtoto anenepe. Watoto wanauza za kukaanga ku mabeseni barabarani, Nyawera, Essence, popote, wanapima na kikopo wanafunga ndani ya karatasi ya daftari. Unapanda teksi, jirani yako anazila, anapuliza yale maganda membamba mekundu yanakuja kutua ku nguo za mtoto, nawe unaanza kuyaokota moja moja watu wote wanakuangalia.

Mara ya kwanza alikuwa na karibu miaka miwili. Tulikuwa tunaishi tayari kule juu Cimpunda, nyumba zimebanana, ukikohoa jirani anakuambia pole. Jirani yetu Mama Furaha alimpatia kipande cha mkate amepaka karanga. Na huyo mama alimpenda mtoto wangu, yeye njo alikuwa anambebaka nikishuka soko Kadutu. Haikupita muda mdomo ukaanza kuvimba, kisha macho, mapele mwili mzima, akatapika, akaanza kikohozi kikavu, na sauti ikabadilika, alikuwa analia lakini kilio kinatoka kidogo, kimekabwa.

Sasa kwa mtu wa Kivu, mtoto akila kwa jirani akavimba akatapika, jina la ile kitu linajulikana mbele dokta hajaamka: karuho. Sumu. Mama mkwe alikuwa ametoka Walungu kututembelea, akapiga kelele hilo neno mara moja tu na kila mlango ukafunguka. Mmoja anasema leteni mawese anyweshwe, mwingine anasema maziwa, mwingine kuna mzee Nyamugo anajua kutapisha. Mtoto koo inajifunga ukimmiminia mafuta mdomoni unammaliza, lakini siku hiyo sikujua iyo, nilijua tu kwamba anakosa hewa. Nilimfunga mgongoni nikapanda moto (pikipiki). Yule motari alishuka ile njia ya mawe na matope bila kugusa breki, na tulipofika hakuuliza pesa, alienda zake, mpaka leo simjui uso.

Muganga wa garde, kijana mdogo, alimwangalia mara moja, akavunja ampuli, akapiga sindano pembeni ya paja. Adrenalini. Kisha kidogo kidogo nikasikia kilio kinakuwa kikubwa, kinakuwa kile kilio chake cha kawaida cha kusumbua watu. Wenzangu wenye mnalalamikaka makelele ya watoto, sina la kuwaambia.

Baadaye dokta alinielezea vizuri. Mwili wa mtoto unaona protini ya karanga ni adui, unatoa histamini na vitu vingine kwa wingi, mishipa inalegea, presha inashuka, njia ya hewa inajifunga. Dawa ya kwanza ni adrenalini ndani ya nyama ya paja na haraka, zile dawa za kutuliza mwasho kama setirizini zinatuliza mapele lakini koo hazifungui. Wakatubakisha hospitali masaa mengi, juu iyo kitu inaweza kutulia kisha ikarudi mtoto akiwa hajala kitu kingine. Akasema alerji ya karanga. Nikamuuliza dawa yake gani ya kuponya. Akasema dawa ni asile.

Nilifikiri yameisha. Kumbe kule juu, wakati mimi niko ku kitanda cha hospitali, wanaume walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa Mama Furaha wanamwambia atoe ule mkate uliobaki aule mbele yao. Akaula. Wote. Wakasema anaweza kuula juu yeye ana dawa ya kuzuia. Sasa hapo ungefanya nini, ungekula nini tena ndio wakuamini?

Bwana yangu alileta karatasi ya dokta, akamsomea shefu wa avenu, akageuza Kifaransa kuwa Kiswahili pole pole, alerji, karanga, siyo sumu. Shefu alielewa na watu wakatawanyika. Mama mkwe yeye alisema, "Karatasi ya dokta haionake usiku." Basi. Mama Furaha akaacha kutusalimia, akawa anangoja nitoke ku robine (bomba) njo na yeye aende kuchota, na mimi kila nikisikia mlango wake unafunguka tumbo inanikata. Mtu akikuambia alerji ya mtoto ni habari ya chakula mwambie hajaishi Kivu. Hapa ni habari ya majirani, ya bokilo (wakwe), ya nani ameketi na nani ku kilio.

Tangu hapo usingizi uliniacha. Nilikuwa naamka usiku kumgusa kifua kama kinapanda, na akiwa amelala kimya sana namwamsha, akiamka analia, bwana yangu naye anaamka anauliza mtoto ana nini, namwambia hana kitu. Arusi nilikataa. Vilio nilienda peke yangu nikarudi mbio. Wageni wakikuja nawaambia wanawe mikono mbele ya kumshika, wakaanza kusema mke wa fulani ameanza kuwa na kiburi, anaona watu wachafu. Nilikuwa nanusa midomo ya watoto wenzake, jamani, nilikuwa nainama nainusa. Kula yenyewe nilikula nimesimama. Nguo zikaanza kunipwaya, presha ikapanda, na kila mtu aliyeniona alisema unamfikiria sana huyo mtoto, kana kwamba kuna kitufe mahali mtu anabonyeza anaacha kufikiria.

Na baba yake analala! Hiyo njo ilitugombanisha mwaka mzima. Siyo mtu mbaya, ni fundi wa kujenga, anatoka asubuhi anarudi amechoka, anampenda mtoto, lakini akiweka kichwa chini amekwisha kwenda. Nikawa naona usingizi wake ni kutojali.

Mdogo wangu anasoma uuguzi ku ISTM, shule ya juu ya mambo ya afya, na siku moja akanisomea kitu kwenye simu. Kule Uingereza mwaka 2009 watafiti, mmoja wao mwanasaikolojia Rebecca Knibb, walichunguza familia 46 zenye mtoto wa alerji ya karanga, wakakuta mama njo mwenye wasiwasi na stresi kuliko baba, na maisha yake kimwili na kimawazo njo yameshuka kuliko ya baba. Na mbele ya hapo, mwaka 2003, wengine walilinganisha watoto wa alerji ya karanga na watoto wa kisukari wenye kujidunga insulini, wakakuta wale wa karanga njo wenye hofu zaidi ya kula na wenye kujiona wamefungwa. Niliposikia nililia. Siyo juu ni habari nzuri. Miaka yote nilikuwa nafikiri mimi ni mwanamke dhaifu mwenye mtoto mmoja anamshinda, wakati mama yangu alilea tisa, na kumbe kuna watu wameketi wakaandika ule uzito ku karatasi, na ule usingizi wa bwana yangu nao uko mule ndani ya hesabu zao.

Lakini nilimwambia mdogo wangu, hao bamama wa Ulaya wana stresi gani, wao chakula yao iko na maandishi! Tangu mwisho wa 2014 sheria yao inalazimisha vitu 14 vya alerji vitajwe, ata ku restora. Mimi unga wangu natoa ku beseni ya mama ameketi chini Kadutu, nitasoma wapi? Akacheka akasema, njo maana wewe uko mgonjwa kuwapita.

Ikaja na ile ya kupima uzito. Juu ya woga nilikuwa nampatia vitu vilevile tu, bugali na maharagi, bugali na maharagi, mpaka akaanza kukonda. Ku santre ya afya wakamfunga ile bendi ya mkono ikasimama ku rangi ya njano, chini ya milimita 125, na yule mama mwenye kupima akanyoosha mkono ku katoni akanipatia sashe. Plumpy, ile chakula laini ya watoto waliokonda. Kila mtu huku anaijua. Ilitengenezwa Ufaransa miaka ya 1990, sashe moja gramu 92, kalori 500, na imerudisha uhai wa watoto wengi sana wa Kongo, hiyo siikatai ata kidogo. Lakini soma nyuma ya sashe imetengenezwa na nini. Karanga.

Nikasema hapana, huyu hawezi. Mama wa kupima akanikazia macho. "Mama, bengine banalia juu ya hii sashe, weye unakataa?" Foleni nzima nyuma yangu imenyamaza inasikiliza, bamama wamebeba watoto wenye miguu imevimba na njaa, na mimi nimesimama mbele yao nimevaa nguo safi nakataa chakula. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitoka bila sashe na bila kitu kingine. Dokta njo aliyetusaidia baadaye, akasema protini siyo karanga tu, mpatie mayai, maziwa, na sambaza, juu vipimo vya damu vilionyesha samaki haimsumbui. Basi sambaza wa ziwa Kivu njo walimnenepesha (na wenyewe ni wageni, waliletwa toka Tanganyika mwaka 1959, leo ungesema wako hapa tangu Adamu). Ile bendi ikarudi ku kijani.

Ile aibu ya ku foleni inanileta ku jambo lenye ninaona watu hawalisemake. Mji wetu hauna upungufu wa watu wenye kusikiliza. Juu ya vita na yote waliyofanyiwa wanawake huku, washauri wa kisaikolojia wako ku vituo vingi, ungekuta wengi kuliko daktari wa alerji. Lakini mlango huo nitauingiaje? Ku benchi nimeketi na mwanamke aliyebakwa, mwingine nyumba yake imechomwa Kalehe, na mimi nikiulizwa nini imekuleta niseme karanga? Nilirudia mlangoni mara nyingi. Uchungu nao una foleni, na mimi nilijiona nakata mbele ya watu.

Siku niliyoingia ni juu presha ilikuwa imeniangusha ku kazi. Yule mama mshauri, mtu mzima, kitenge kizuri, hakuniambia nisali wala nijikaze. Aliniuliza, "Mama Aksanti, mara ya mwisho ulikula umeketi ni lini?" Nikakosa jibu. Akaniambia nielezee siku yangu tangu kuamka, kitu kwa kitu, akawa anaandika, kisha akanigeuzia karatasi akauliza, hapa pote kuna jina la nani mwingine? Hakukuwa na jina la mtu. Kuangalia chakula, mimi. Kuongea na metresi (mwalimu wake), mimi. Kujua dalili, mimi. Kujua hospitali gani ina adrenalini, mimi. Akasema sasa twende tafute majina.

Nilikuwa nafikiri naogopa karanga. Karanga naiogopa bado, lakini kilichonikausha ni kwamba mimi nikizirai, nikishikwa na malaria, nikienda choo tu, hakuna mtu mwingine kwenye dunia anajua cha kufanya.

Kwa hiyo tukaanza na bwana yangu. Dokta alituandikia ampuli za adrenalini, miligramu 1 ndani ya mililita 1, na sirenge ndogo zenye mistari. Kule Ulaya kuna kalamu yenye imejazwa tayari, unapiga ku paja ata juu ya suruali, ku farmasi za kwetu mimi sijawahi kuiona. Hesabu ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya mtoto, na Aksanti wakati huo alikuwa na kilo 15, kwa hiyo ni 0.15, ni tone tu ndani ya sirenge, dokta alichora mstari mwekundu na bik. (Kilo zikipanda anachora upya, usiige mstari wangu, muulize dokta wako wa mtoto wako.) Ampuli inakaa gizani mbali na joto, ikigeuka rangi unatupa.

Tulijifunzia ku parachichi, na maji. Mikono ya bwana yangu imezoea matofali, ampuli ya kwanza aliivunjia ndani ya vidole, damu ku meza, akatukana, akachukua nyingine. Nilimwangalia anashika ile sirenge mbele ya taa ya simu, anafinya jicho moja, anasukuma hewa nje, anafika ku mstari anasimama, anasema, "Hapa?" Hapo. Usiku huo nililala mpaka muadhini. Niliamka nimeshtuka nikadhani mtu amekufa.

Wa pili mdogo wangu. Wa tatu metresi wa matenele (shule ya watoto wadogo), naye alikataa sindano akasema sheria ya masomo haimruhusu, sawa, lakini alikubali kushika karatasi yenye dalili na namba na kutupigia kwanza ndio amwite direktrisi, na akawa mkali kuliko mimi, mtoto akileta karanga ku darasa anazifungia ku kabati mpaka saa ya kurudi.

Mama Furaha nilimfuata mwenyewe. Nilienda na lile karatasi, nikaketi kwake, nikamwelezea kila kitu tangu mwanzo, historia, paja, ampuli. Alinyamaza muda mrefu akichambua maharagi. Kisha akasema, "Nilikuwa namusikia ku ukuta akikohoa usiku, nakosa wa kuuliza." Nikamuuliza kama anaweza kujifunza sindano na yeye. Akakataa kabisa. "Hapana mama. Akinifia ku mikono na sirenge nimeshika, safari hii watachoma nyumba." Na alikuwa na haki. Furaha binti yake njo alijifunza, yuko na miaka kumi na saba, mkono wake hautetemeki kuliko wa sisi wote.

Kisha ikaja Noeli, na sombe ya mama mkwe.

Alipika mwenyewe, kwetu, mbele ya macho yetu, mawese, vitunguu, samaki, na karanga hata moja hakuna, aliapa na mimi nilikuwa nimesimama pale nikiona. Aksanti alikula vijiko vichache akasema ulimi unamwuma. Mdomo ukaanza. Akatapika, na ile sauti ikarudi, ile ya kukabwa. Bwana yangu alishaondoka ku kiti mbele sijamaliza kusema jina lake, akachukua mfuko ku msumari wa mlango, akavunja, akavuta, akapiga. Mtoto alilia kwa hasira. Tukaenda hospitali vilevile, juu sindano ya nyumbani ni ya kufikia hospitali siyo ya kuikimbia.

Tuliporudi tukaulizana, imetoka wapi? Mama mkwe ameketi kona anarudia sikuweka, sikuweka. Mpaka mtoto wa shemeji akasema: kinu. Kinu chetu kilikuwa kimepasuka, akaenda kuazima cha jirani wa chini, na jirani asubuhi hiyo alikuwa amepondea karanga za mboga yake. Sombe inapondwa ku kinu, karanga inapondwa ku kinu hichohicho, mbao ina nyufa, unakisuuza na maji unaona kimetakata lakini unga umebaki ndani umeshikana. Nani angewaza? Dokta mwenyewe alikuwa ameniambia biskwiti, mafuta, vijiko, kinu hakukisema, juu pengine vitabu alivyosomea havina kinu.

Na lile neno la karuho siku hiyo halikutamkwa na mtu. Mpishi alikuwa bibi yake mwenyewe, angesema nini? Mama mkwe hajawahi kuomba radhi kwa Mama Furaha, nisidanganye, watu wazima wa kwetu hawafanyake ivyo. Lakini alipopanda tena kutoka Walungu alisimama mlangoni pake akamsalimia, akauliza habari ya watoto mmoja mmoja kwa jina, akamwachia viazi vitamu. Na tulinunua kinu chetu, kimeandikwa na makaa AKSANTI, ole wako ukiguse.

Mwezi wa pili 2025, waasi wa M23 walipoingia mji, nilikuwa na ampuli mbili ndani ya nyumba na barabara ya hospitali haipitiki. Nilizihesabu kila saa kama vile zingezaa. Ile Jumamosi depo za chakula zilivunjwa, watu wanapita na magunia ya unga ku kichwa, watoto wa avenu wakakuja na sashe, wanazinyonya, wanazitupa, Aksanti anaziona kupitia dirisha. Akauliza, "Mama, ile njo ya kuniua?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi niletee mpira nichezee ndani." Mtoto alikuwa ametulia kuliko sisi. Bwana yangu na mimi tuligawana usiku, yeye mpaka saa saba, mimi mpaka asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane yeye njo alikosa usingizi kwenye zamu yangu.

Mdogo wake Aksanti amezaliwa hapo katikati, na hapo ndio nilichanganyikiwa zaidi, juu dokta alisema huyu tumwanzishie karanga mapema. Kule London mwaka 2015 walitoa majibu ya watoto 640 wenye hatari ya alerji, na wale walioanza kula karanga wakiwa wachanga walipata alerji kidogo sana kuliko walioizuiwa, tofauti ya karibu 80 kwa mia. Mama mkwe alifurahi, akasema si nilisema azoee! Nikamwambia mama, ni kwa yule ambaye hajapata, siyo kwa aliyekwisha kupata. Tulimpatia mtoto ku hospitali, uji mwepesi na karanga laini kidogo, nikiwa nimeshika sirenge mfukoni. Hakuna kilichotokea. Sasa anaila kwa Mama Furaha, ananawishwa uso na mikono na kubadilishwa nguo ndio arudi kwetu. Ni kazi, lakini ni kazi ya nyumba mbili.

Kinachotugombanisha sasa ni Kigali. Alerji ya maziwa na mayai watoto wengi inawaisha wakikua, ya karanga ni kama mmoja kati ya watano tu, na njia ya kujua ni kumpatia ku hospitali chembe kwa chembe na waganga wamesimama pale. Bwana yangu anataka twende hii likizo kubwa, tuvuke Ruzizi, tupande bus ya kupita Nyungwe, tujue moja. Mimi nilikuwa sitaki. Sasa hivi nimezoea kuishi na hii, najua vijiko vyangu, najua kinu changu, kwa nini nimlipe mtu ampatie mtoto wangu karanga mbele yangu? Mama mshauri aliniuliza kama ninaogopa jibu la hapana au jibu la ndiyo, na sijamjibu.

Pesa tumeanza kuweka. Aksanti mwenyewe amesema akipona atakula biskwiti za rangi ya kahawia zenye rafiki yake anakulaka, na asipopona anataka tu kuona bus ya vioo. Mama mkwe naye amesema anakuja, hawezi kubaki Walungu wakati mjukuu wake anapimwa. Nimemwambia karibu mama, lakini chakula ya njiani napika mimi.